Kujikaza Si Kunyamaza

Mwalimu mlezi wa Chama aliponiomba niandike makala ya kueleza jinsi mtu anavyoweza kuyakabili mabadiliko ya maisha, nilitaka kukataa. Nilijua fika kwamba sitaweza kuliandika jambo hilo bila kutoboa siri moja, na siri yenyewe inawahusu baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu. Nimeamua kuitoboa. Mficha uchi hazai.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, baba alipoteza kazi. Alikuwa dereva wa kampuni fulani, na kampuni hiyo ikapunguza wafanyakazi. Wakati huo tulikuwa tukiishi katika fleti karibu na Valley Arcade: vyumba viwili vya kulala, maji ya mfereji, na mlinzi langoni aliyenijua kwa jina. Kodi ilipotushinda tulipakia vitu kwenye pikapu ya jirani, tukahamia Kawangware. Chumba kimoja, pazia katikati, watu watano. Choo ni cha ploti nzima, maji ni ya mitungi.

Hilo pekee halingekuwa kisa cha kuandikia gazeti. Wengi wetu katika shule hii twatoka Kawangware, Kangemi na Uthiru, na hakuna aliyekufa kwa kutokea huko. Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia mtu. Kila jioni nilipanda gari la 46 taoni pamoja na wenzangu, nikashuka Valley Arcade kama zamani, nikawapungia mkono, nikajifanya naingia dukani. Gari likishatoweka nilifunga kamba za viatu, nikaanza kutembea Gitanga Road kuelekea Kawangware. Sasa cheka ukitaka: gari lile lile nililoshuka lilikuwa likielekea Kawangware! Nilikuwa nikishuka kutoka kwa gari linalonipeleka nyumbani ili nikatembee kwa miguu hadi nyumbani. Nilifanya hivyo muhula mzima, jua likiwaka, mvua ikinyesha.

Nilikuwa na msemo wangu mmoja niliojitia nao moyo, nao mnaujua nyote: "Jikaze kisabuni." Baba mwenyewe aliniambia hivyo siku ya kuhama, tena kwa sauti ya utani, huku akiinua meza. Nikauchukua nikaufanya sheria. Nilidhani kujikaza ni kufunga mdomo. (Siku hizi nikifua nguo huutazama mche wa sabuni nikajiuliza ni nani aliyetunga msemo huo. Kila unapotumika, sabuni inapungua, na haisemi.)

Mwili haukukubali. Nilianza kuamka saa tisa usiku nikikodolea macho mabati. Tumbo liliniuma kila Jumapili jioni. Ndugu yangu mdogo akidondosha kijiko nilimfokea kana kwamba ameteketeza nyumba. Alama zangu za hisabati ziliporomoka, na mwalimu wa darasa akaniandikia kwenye ripoti kwamba nimekuwa mvivu. Sikuwa mvivu. Baadaye nimesoma na kuelewa kilichokuwa kikitendeka. Mtu anapohisi hatari, ubongo huamuru mwili utoe adrenalini na kortisoli: moyo hudunda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Kwa hatari ya dakika chache, kwa mfano mbwa akikufukuza, mpango huo ni mwema sana. Lakini ubongo hautofautishi vizuri kati ya mbwa na aibu. Mtu anayeficha jambo kila siku huishi kama anayefukuzwa kila siku, na mashine iliyoundwa kwa mbio fupi hulazimishwa kukimbia miezi.

Aliyenikamata ni shangazi, dada yake baba. Alikuja kututembelea Jumapili moja na mandazi yake, akaviona viatu vyangu vya shule mlangoni.

"Hebu lete hivyo viatu," akasema. Akavigeuza. Soli zilikuwa zimelika upande mmoja, na tope nyekundu imegandamana hadi kisiginoni. "Hivi ni viatu vya mtu anayeshukia hapo stejini?"

Nikasema nacheza mpira. Hakunibishia. Alinitazama tu, kisha akasema polepole, "Hata mimi niliwahi kutembea hivyo, miaka mitatu. Ukiwa tayari utaniambia unazunguka nini."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za miaka mitatu hiyo. Alinisimulia siku hiyo hiyo, na ndipo ninapotaka kukupeleka, msomaji, katikati ya jiji letu, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori lililobeba bomu lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye kona hiyo. Karibu wakati huo huo bomu jingine lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, likaua watu 11. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 4,000. Wengi mno kati ya hao walikuwa Wakenya waliokuwa wakienda zao: makarani, wachuuzi, abiria wa matatu. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka kabisa. Kulikuwa na mlio mdogo kwanza, watu katika maofisi ya karibu wakakimbilia madirishani waone kuna nini, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo wakiwa wameweka nyuso kwenye vioo. Ndiyo sababu watu wengi sana waliumia macho.

Shangazi alikuwa na umri wa miaka 22, karani katika ofisi moja ya Moi Avenue. Wenzake walipokimbilia dirishani yeye alikuwa ameinama chini ya meza akiokota karatasi. Karatasi tu! Alitoka na nyuzi chache kwenye bega. Mwenzake aliyeketi meza ya pili hakuona tena. Kila aliyekuja kumjulia hali shangazi alimwambia neno lile lile: "Mshukuru Mungu, wewe uko hai." Naye alimshukuru Mungu, ila baada ya kuambiwa hivyo mara mia hakuona njia ya kusema kwamba hali chakula, kwamba mlango ukibamizwa yeye hujikuta chini sakafuni, kwamba anamwona yule mwenzake kila anapofumba macho. Angesema, angeonekana hana shukrani. Akanyamaza.

Baadaye alipata kazi nyingine, Industrial Area, na gari lake lilikuwa la Railways. Kutoka Kencom ni mwendo mfupi tu ukiifuata Moi Avenue kwa mguu. Yeye hakuweza kuipita ile kona. Alizunguka City Hall Way hadi kule Bungeni, akateremka akaja kutokea upande wa pili, asubuhi na jioni. Wenzake kazini walidhani anapenda kutembea.

Sisemi, na sitaki mtu aseme nimesema, kwamba kuhama kutoka fleti hadi chumba kimoja ni sawa na kunusurika bomu. Haikaribii. Shangazi ndiye aliyeniambia kwamba ukubwa wa msiba ni jambo moja, na unavyoubeba ni jambo jingine. Alikuwa amelitambua lile la pili kwa kutazama soli za viatu.

Mwaka uliofuata Chama chetu kilipozuru Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 2001 mahali pale pale ubalozi uliposimama, niliusoma ukuta wenye majina ya marehemu nikiwa na fikira tofauti na za wenzangu. Wao waliwatafuta walio na majina kama yao. Mimi niliwafikiria wale ambao majina yao hayako ukutani kwa sababu walirudi nyumbani. Maelfu ya watu. Walifanyaje kesho yake?

Kumbe swali hilo lilikwisha kuulizwa. Daktari Frank Njenga, bingwa wa magonjwa ya akili hapa nchini, pamoja na wenzake, walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya mlipuko, na mwaka wa 2004 wakachapisha waliyoyaona. Watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili zinazokaribia zile za kiwewe, yaani ule ugonjwa wa kurudiwa na tukio la kutisha hata baada ya tukio lenyewe kupita. Kisha wakatazama ni akina nani walioelemewa zaidi. Mengine utayakisia: walioushuhudia mlipuko kwa macho, waliojeruhiwa na majeraha yasipone, waliofiwa. Lakini katika orodha hiyo hiyo mna mambo mawili yaliyonifanya niweke karatasi chini. La kwanza: wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yao yaliyo moyoni. La pili: wale waliopatwa na shida ya pesa baada ya mlipuko.

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa mwalimu wa bayolojia pia anasoma gazeti hili. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi. Huenda aliyeumia zaidi ndiye asiyeweza kusema, badala ya kwamba kutosema ndiko kulikomuumiza. Hata hivyo, kwa shangazi na kwangu mambo yale yalienda pamoja kama pacha. Na lile la pesa nalo lisirukwe. Yuko mtu atakayekuhubiria kwamba ustahimilivu ni suala la moyo peke yake. Mwambie akulipie kodi ya mwezi mmoja kwanza, kisha mwendelee na mahubiri.

Hebu tuliangalie neno lenyewe, maana hiki ni Chama cha Kiswahili wala si hospitali. Kukaza ni kuvuta kamba au kufunga msumari mpaka usisogee. Kustahimili ni jambo jingine. Neno hilo ni ndugu ya kuhimili, yaani kubeba uzito bila kuanguka, na humo ndimo tunamopata mhimili, ile nguzo au boriti inayoshikilia paa. Fundi yeyote wa Kawangware atakuambia kwamba hajengi nyumba kwa mhimili mmoja. Akiona nguzo imeanza kuinama haiambii ijikaze; huleta nyingine akaisimamisha kando yake. Sijui kwa nini nilimaliza shule ya msingi nikiwa na alama nzuri za Kiswahili bila kuiona tofauti hiyo.

Ushahidi wa mambo ya mihimili uko hata mbali na kwetu. Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mtaalamu wa saikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955, tangu utotoni hadi utu uzima. Baadhi yao walikulia katika ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi na maradhi. Takriban thuluthi moja ya hao walioanza vibaya hivyo waliibuka kuwa watu wazima wenye kujiweza na kujali wengine. Walikuwa na nini? Kimojawapo kilichojitokeza mara kwa mara ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao: nyanya, mwalimu, jirani. Mmoja tu alitosha kuleta tofauti, na si lazima awe mzazi.

Mhimili wa shangazi ulikuwa mama mmoja wa kwaya kanisani kwao Kangemi, ambaye naye alikuwa amempoteza kaka yake siku ile ile. Siku moja baada ya mazoezi wakawa wanasubiri mvua ipungue. Yule mama akasema, bila kumtazama, "Mimi sipiti Moi Avenue." Shangazi akasema, "Hata mimi." Basi. Mazungumzo ya kwanza yaliishia hapo. Ya pili yalikuwa marefu. Baada ya miezi kadhaa walienda pamoja kwa mshauri wa kisaikolojia, na bustani ilipofunguliwa mwaka wa 2001 wakaenda kuketi humo wakiwa wawili. Shangazi anasema alilia mpaka akasahau kumega mkate aliobeba, halafu akarudi stejini Railways kwa njia fupi.

Angalia kwamba yule mama hakumhoji. Hili ni muhimu kwetu, kwa sababu nimewaona wanafunzi wenye nia njema wakimzunguka mwenzao aliyefiwa: "Tuambie, ilikuwaje? Alikuwa anaumwa nini?" Kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani ni vizuri kumketisha mtu mara moja baada ya msiba na kumtaka asimulie kila kitu. Tafiti zikaja kuonyesha kwamba kikao cha namna hiyo, cha mara moja, hakimkingi mtu na kiwewe. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nao una hatua tatu ambazo hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kuzishika: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anahitaji nini. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na watu au huduma ya kumfaa, iwe ni chakula, simu ya kumpigia mamake, au daktari. Mara nyingi anayehitaji kikombe cha uji hupewa hotuba.

Katika msiba wa Westgate kule Westlands, ulioanza Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, jiji lilionyesha upande mwingine wa jambo hili. Watu wasiowajua majeruhi walipanga foleni ndefu kutoa damu. Mama alikuwa mmoja wao. Anasema alikuwa ametetemeka tangu mchana, na kutetemeka kulikoma alipoketi akakunja mkono wa nguo. Kumfanyia mwingine kitu, hata kidogo, humrudishia mtu sehemu ya uwezo aliodhani amenyang'anywa.

Nami je? Jumapili ile ya viatu sikusema kitu. Nilisema Jumapili ya pili, tena nikitazama sufuria. Nilipofika mahali pa kushuka Valley Arcade na kulikimbia gari linaloenda nyumbani, shangazi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikacheka pia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba jambo lenyewe linachekesha. Baba alikuwa nyuma ya pazia, akasikia yote. Hakunikemea. Alitoka akaketi nasi, akasema yeye naye kwa wiki sita baada ya kuachishwa kazi alivaa shati na kuondoka asubuhi, akakaa Uhuru Park hadi jioni, ili sisi tusijue. Mama akasema, "Mimi nilijua." Watu watatu katika familia moja, kila mmoja akimzunguka mwenziwe! Sijui niite nini kitu hicho, ila kujikaza hakikuwa.

Mambo hayakubadilika usiku huo. Baba alikaa miezi mingine minane kabla ya kupata gari la mtu la kuendesha kwa malipo ya siku, na chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni usingizi wangu, kwanza, kisha tumbo, kisha hisabati, kwa utaratibu huo. Niliona pia kwamba si kila kitu kilikuwa kimehama. Chai ya Jumapili ya shangazi haikuhama. Redio ya baba haikuhama, wala kelele zake za kuijibu wakati wa taarifa ya habari. Mkutano wa Chama kila Jumatano haukuhama. Vitu vidogo vya saa maalumu humpa mtu mahali pa kukanyaga wakati sakafu nyingine imeondolewa. Mama alishikilia kwamba chakula cha jioni kiliwe saa mbili, sote, hata siku za ugali na chumvi, na sasa ninaelewa alichokuwa akikishikilia.

Kuna hali ambazo shangazi na mandazi yake hawatoshi. Ukipitisha wiki mbili au zaidi huli, hulali, huoni raha ya chochote, au ukianza kufikiria kwamba ni heri usingekuwapo, usingoje Jumapili. Mwone mwalimu wa ushauri na uelekezaji, au mtu mzima unayemwamini akupeleke hospitalini. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na anayepokea hataki kujua unatoka mtaa gani. Kwenda huko si wazimu, kama vile kwenda kwa daktari wa meno si ukosefu wa meno.

Sasa wale niliokuwa nikipanda nao 46, mmejua. Wewe uliyeniuliza mwezi wa saba mbona duka lile silimalizi, nilikudanganya, unisamehe. Siku hizi nashukia mwisho wa gari, pale Kawangware 46, kisha ni mwendo wa dakika tano kupita kwa fundi wa viatu. Jumapili saa kumi shangazi huwapo. Mje, lakini mbebe vikombe vyenu, kwetu vipo sita tu.